Walii Nilikuwa Mimi

Anayewajibika ni mdogo wangu, mtoto wa baba yangu na mama yangu, mkulima wa mpunga wa Magoma. Nalitamka hili mwanzoni ili msomaji asipoteze muda kumtafuta mwingine. Hospitali haihusiki. Mke wangu hahusiki. Kiharusi chenyewe, kilichonikuta nikitawadha nyumbani kwangu Handeni, nacho sikidai kitu, kwa kuwa kilifanya kazi yake kikaondoka. Aliyesimama sebuleni kwangu mbele ya wazee wa ukoo, nami nimekaa kwenye kiti changu nikimsikia, akatamka kwamba kaka yake hana akili tena na kwamba binti yangu wa mwisho ataozwa na yeye, ni mdogo wangu. Jina lake silitaji. Mwenyewe anajijua, na waliokuwepo wanamjua.

Nilikuwa karani wa mahakama mpaka nilipostaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanyia Korogwe, na kazi yangu ilikuwa maneno ya watu wengine. Shahidi alisema nini, alisema kwa mpangilio gani, alikana nini alipoulizwa mara ya pili. Niliandika ya waliolia na ya waliodanganya huku wamekamata msahafu, na sikuwahi kuwaongezea neno wala kuwapunguzia. Mahakimu walihamishwa, wakaja wengine, na kila aliyekuja aliambiwa kwamba ukitaka kujua kilichosemwa, muulize karani. Naeleza haya ili ieleweke ni kitu gani nilichonyang'anywa siku ile karibu na birika la udhu.

Mkono wa kulia ulining'inia kama mkono wa koti. Mdomo ulivutwa upande. Hayo niliyakubali upesi. Ambalo sikulikubali ni hili: muuguzi aliponiinamia kitandani akaniuliza, "Mzee wangu, unataka nini?" nilitaka maji, nililiona neno maji mbele yangu lilivyo, nikafungua kinywa nikasema, "Sufuria."

Muuguzi akatazama chini ya kitanda, akafikiri labda tulikuja na sufuria. Nikasema tena, kwa msisitizo, nikinyooshea kidole jagi lililokuwa mezani. "Sufuria." Nilitaka shuka, nikasema sufuria. Nilitaka kumwambia mke wangu asilie, nikamwambia sufuria. Kila neno nililolituma likatoka limevaa nguo ya neno hilo moja. Naomba ikae sawa katika kumbukumbu kwamba nilijua ninakosea. Nilijua kila mara. Mtu asiyejua kwamba amekosea ni mgonjwa wa aina nyingine.

Na lilikuwepo jambo ambalo hakuna aliyelitilia maanani wakati ule isipokuwa mke wangu. Mimi nisiyeweza kuomba maji niliweza kusoma Alhamdu. Mke wangu, ambaye ni Msambaa wa milimani na hapitwi na kitu kinachotembea ndani ya nyumba yake, aliusogezea sikio mdomo wangu wakati wa sala akakuta sura nzima inatoka, aya kwa aya, bila sufuria hata moja. Alikaa kitako pale pale akanitazama. "Kumbe umo humo," akasema.

Nilikuwa humo. Lakini mdogo wangu hakusogeza sikio.

Kikao kilifanyika baada ya mimi kurudi nyumbani. Watu wa upande wa kijana aliyemchumbia binti yangu walikuwa wanataka siku ya ndoa, na kwa desturi yetu na kwa dini yetu binti haolewi mpaka walii wake, ambaye ni baba, atamke kwa kinywa chake kwamba amemwoza. Mdogo wangu alikuja kutoka Magoma amevaa viatu vya kufungia ndoa siku ya kikao.

"Wazee wangu, kaka mnamwona," alianza. "Mwili upo, mwenyewe hayupo. Walii akiwa hana akili, uwalii unahama. Baba yetu hayupo, kaka hana mtoto wa kiume, ninayefuata ni mimi. Sisemi kwa kupenda."

"Shemeji, anakusikia," mke wangu akasema kutoka mlangoni.

"Hata mbuzi anasikia, shemeji."

Mzee mmoja alikohoa. Mimi niliinua mkono wa kushoto, nao wote wakanyamaza, kwa kuwa ukoo wetu haujasahau adabu. Nilikusanya nguvu zangu zote kwa ajili ya maneno matatu: walii ni mimi. Nikayatamka. Likatoka sufuria.

Kuna aliyetazama sakafu. Kuna aliyetabasamu, na yeye pia anajijua. Mdogo wangu alikunjua viganja vyake kama mtu anayefunga upande wake wa kesi. "Mmesikia wenyewe," akasema.

Naomba niwe mwadilifu kwake katika jambo moja. Hukumu aliyoinukuu ipo, na aliinukuu sawasawa: mwendawazimu hawi walii. Kosa lake halikuwa la sheria, lilikuwa la ushahidi. Alichukua ulimi uliofungwa akauwasilisha kama akili iliyotoweka, na hakuna aliyemwomba athibitishe.

Sasa namleta mtu wa pili anayehusika na habari hii, ambaye simdai chochote. Pengine yeye ndiye anayenidai. Ni mwanamke wa Mazinde, Mnyamwezi kwa kabila. Baba yake aliletwa huko kukata mkonge pamoja na manamba wengine, na yeye alizaliwa kambini, mkonge mbele, mkonge nyuma. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Katika miaka yangu ya kazi alikuwa akiuza vitumbua karibu na mahakama, na kwa kuwa nilikuwa nimepiga marufuku utani ndani ya uwanja wa mahakama, yeye alitii, akavuka barabara, akawa ananitania kutoka ng'ambo. Alipaza sauti hivyo hivyo, na mashahidi walimsikia.

Kondakta mmoja wa basi ndiye aliyemwambia, kule Mazinde, kwamba yule karani amekwisha. Mtani haulizi habari ya msiba mara mbili. Alifunga safari.

Bahati ilipanga kwamba siku aliyofika ilikuwa siku ambayo mke wangu amefua koti langu la kazi na kofia yangu, vimeanikwa kwenye kamba, na wanawake wa jirani wamekaa mkekani uani wanapukuchua mahindi. Mtu aliyetoka safari na habari yake kichwani aliona mkeka, akaona wanawake wameketi, akaona nguo za mwanamume zinapepea bila mwenyewe. Alisadiki kabisa kwamba yuko matangani. Na mtani akifika matangani ana kazi yake: huvaa nguo za marehemu, huchukua fimbo yake, humwigiza alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akisema, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika.

Mimi nilikuwa kwenye kiti changu, ndani kidogo ya mlango. Niliona koti langu likivuliwa kambani. Niliona kofia yangu ikiwekwa juu ya kilemba. Kisha nikajiona mwenyewe natembea uani, kifua mbele, fimbo yangu ya mlangoni kwapani, nikiwatazama watu kwa juu ya miwani ambayo haikuwepo.

"Simameni, mahakama inaingia," alisema kwa sauti yangu, na ilikuwa sauti yangu, hilo sikani. "Wewe mama, hayo mahindi ni ya mlalamikaji au ya mdaiwa? Acha kutafuna ushahidi. Na wewe, umekuja na madai, kielelezo kiko wapi? Huna? Rudi Jumatatu."

Wale wanawake walikuwa wameshaelewa kosa lake, lakini hakuna aliyemwambia. Walijificha nyuma ya khanga zao mabega yakitikisika.

"Jumatatu," akarudia, akigonga ardhi kwa fimbo yangu. "Karani amesema Jumatatu."

Kitu kilinipanda. Haikuwa huzuni wala aibu. Ilikuwa ghadhabu ya kazi. Katika mahakama yetu Jumatatu ilikuwa siku ya jinai. Katika utumishi wangu wote sijawahi, narudia, sijawahi kumwambia mtu wa madai arudi Jumatatu.

"Alhamisi," nikasema.

Neno zima, silabi zake zote mahali pake. Yule mwanamke akageuka, kofia yangu imemwangukia sikioni.

"Kumbe hujafa," akasema. "Nimeacha mpunga wangu juani kwa ajili yako, wewe umekaa tu."

"Rudi mkongeni," nikamjibu.

"Mkongeni nitarudi. Wewe kaburini walikurudisha kwa nini? Hukuwa na kielelezo?"

Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa ameyasikia yote. Hakulia, kwa kuwa si mtu wa kulia mbele ya wageni, lakini aliushika ule mwiko kwa mikono miwili kana kwamba ungeanguka.

Korogwe, ambako nilikuwa napelekwa kwa mazoezi, mke wangu alilieleza tukio hili kwa mtaalamu aliyekuwa akinihudumia, binti wa umri wa wanangu, mwenye subira ambayo sikuiona kwa mahakimu wengi. Yule binti aliweka kalamu chini.

"Anapomtania, mzee anamjibu?"

"Anamjibu mabaya," mke wangu akasema.

"Mabaya kamili? Yameunganika?"

"Yameunganika vizuri mno."

"Basi huyo mtani asikose kuja, mama."

Alitueleza hivi, nami nayaandika kama nilivyokuwa nikiandika maneno ya shahidi. Sehemu ya ubongo iliyopigwa ni ile inayounda sentensi kwa kukusudia, na kilichokufa hapo hakifufuki. Lakini dua iliyokaririwa tangu utotoni, wimbo, salamu, tusi na jibu la utani havitegemei sehemu hiyo peke yake. Vina makazi mengine pia, ng'ambo ya pili ya kichwa. Na ubongo, ukilazimishwa kila siku bila kuachiwa, huanza kupitisha maneno ya kawaida katika njia za hayo mengine. Hakuahidi kitu. Alisema ni kazi, na kwamba wengine hufika mbali na wengine hawafiki.

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Mtu wa Handeni anajua barabara ni nini. Korongo linajaa, kivuko kinachukuliwa na maji, magari yanapanga foleni yakisubiri. Bodaboda haisubiri. Inaingia porini, inazunguka, inatokea mbele, na baada ya muda pale ilipopita pana njia, baiskeli inapita, mkokoteni unapita, na watu wanasahau kwamba palikuwa pori. Mahakamani tuliziita njia za panya. Nimeandika mashauri mengi ya watu waliokamatwa humo na magunia ya mkaa, na mimi binafsi sikuwahi kupita isipokuwa barabara kuu. Leo natamka hadharani kwamba ubongo wangu unapita njia za panya. Nauruhusu, na ninajivunia kila njia uliyoichonga.

Kazi ilikuwa hivi. Mke wangu aliweka kinu uani akatwanga, nami kwenye kiti nikagonga goti kwa vidole vya kushoto, kila pigo la mchi silabi moja. Na-ta-ka-ma-ji. Mchi ukisimama, neno linapotea. Mchi ukirudi, linarudi. Mimi, niliyekuwa nikiwatoa nje watu waliopiga mluzi karibu na dirisha la mahakama, nikawa mzee anayeomba uji wake kwa kuimba. Majirani walizoea. Kila siku ya gulio mtani wangu alikuja na mchele wake kuuza, na akimaliza alipita kwetu, akasimama getini, akauliza kama Bwana Sufuria yupo ofisini. Sikuwa na hiari ila kumjibu. Hakujua lolote kuhusu ubongo wala hakudai kujua. Alikuja kunitania kwa sababu ni haki yake, na kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, maiti inayojibu haipatikani kirahisi.

Sentensi zikaanza kurudi. Fupi kwanza, zikichechemea. Kisha nikasimama kwa fimbo. Kisha nikaanza kuandika kwa mkono wa kushoto, na maandishi haya yote ni ya mkono huo.

Jambo moja tu lilikataa. Majina ya watu. Na kati ya majina yote, jina la binti yangu wa mwisho, ambalo nilimpa mimi, ambalo nilimnong'oneza sikioni siku aliyozaliwa. Nilipomwita, lilikuja lile neno langu la kwanza.

"Alhamisi," nilimwita.

"Abee, baba. Alhamisi nimekuja," aliitikia, akapiga goti kunipa chai, na hakunisahihisha hata siku moja. Lakini nilimwona alivyogeuza uso. Alijua tulichojua sisi wote: walii hawezi kumwoza binti asiyemtaja. Ami yake alikuwa ameshatuma ujumbe kutoka Magoma kwamba kanzu yake iko tayari.

Mtani alipopata habari alikaa kwenye ngazi ya mlango wangu akatunga wimbo pale pale, wa kejeli tupu: Karani ana binti, kielelezo hana, anamwoza nani, jina lake nani? Halafu ananyamaza, anatega sikio. Mara za mwanzo sikujibu kitu. Aliimba, akanyamaza, akaniambia kama jina halipo basi binti ni wa jirani. Siku moja ile ghadhabu ya kazi ikapanda tena, na jina likaanguka mahali pake kama mchi kinuni. Bila wimbo sikulipata. Kwa wimbo nililipata mara nyingi, ingawa si kila mara.

Siku ya ndoa wanaume tuliketi kwenye mikeka barazani, shehe katikati. Nilipotoka ndani na fimbo yangu nilimkuta mdogo wangu ameshakaa mbele ya bwana harusi, magoti yamekaribiana.

"Hapo pangu," nikamwambia.

"Kaka, usijitaabishe. Kaa hapa pembeni upumzike."

Shehe alinitazama mimi. "Mzee, tumekusanyika kwa ajili ya nini?"

"Namwoza mwanangu."

"Kwa nani?"

"Huyu. Na mahari tumekubaliana."

"Shehe," mdogo wangu akasema, "maneno mafupi hata kasuku anayaweza."

"Basi tumpe marefu," shehe akajibu. "Sogea, bwana."

Akasogea. Nilikaa, nikauinua mkono wangu wa kulia kwa ule wa kushoto nikauweka katika kiganja cha kijana. Vidole vya kushoto vikarudi gotini. Nikasema, kwa mwendo wa mchi, nimekuoza binti yangu. Nikafika kwenye jina, na pale palikuwa korongo tupu.

Sikusikia mtu akipumua isipokuwa mdogo wangu. Nilijua binti yangu yuko nyuma ya pazia anasikiliza kimya hicho. Na mimi, karani mstaafu, mbele ya shehe na wazee wa kabila langu na wageni wa heshima wa upande wa mke wangu kutoka milimani, niliinamisha kichwa nikaanza kuimba polepole wimbo wa kejeli wa muuza mchele. Karani ana binti, kielelezo hana. Niliwaona wakitazamana. Niliendelea. Jina lake nani?

Nikalitaja. Jina lake na ubini wake. Nikarudi mwanzo nikasema sentensi yote moja kwa moja, nimekuoza binti yangu, jina, kwa mahari tuliyokubaliana, na kijana akasema ameikubali. Nyuma ya pazia kilipigwa kigelegele kimoja kabla ya vingine vyote, na nilikijua ni cha nani, kwa kuwa kilikuwa na lafudhi ya ng'ambo ya barabara.

Mdogo wangu alikula pilau. Alikula vizuri.

Ningeweza kuishia hapo, kwa maana furaha niliipata na heshima niliirudisha. Lakini nimepata habari, kutoka kwa zaidi ya mtu mmoja, kwamba huko Magoma anasema kilichotokea kwangu ni muujiza. Nakataa neno hilo. Mwenyezi Mungu ndiye mwenye shukrani zote, na sitamwacha mdogo wangu ajifiche nyuma Yake. Kwa maana ikiwa ni muujiza, basi siku ya kikao akili yangu ilikuwa haipo kweli, na yeye alisema haki. Haikuwa hivyo. Akili ilikuwepo, imeketi kitini, inamsikiliza akiilinganisha na ya mbuzi. Kilichofuata kilikuwa kazi ya ubongo wangu mwenyewe, ya mchi wa mke wangu, ya subira ya binti wa Korogwe na ya ulimi wa mwanamke wa Mazinde, na kazi haiitwi muujiza na mtu ambaye hakuifanya.

Kwa hiyo nadai yafuatayo rasmi. Mdogo wangu afike nyumbani kwangu Handeni yeye mwenyewe, bila kutuma mjumbe. Asimame sebuleni pale pale alipokuwa amesimama, mbele ya wazee wale wale, na mke wangu aketi ndani pamoja nao, si mlangoni. Aeleze ni kwa ushahidi gani alitamka kwamba sina akili, ni nani alimpima, na kwa nini hakuniuliza mimi niliyekuwa hatua chache kutoka kwake. Akiisha kueleza, afute kauli yake kwa sauti ile ile aliyoitolea. Nitaandika majibu yake bila kuongeza wala kupunguza neno.

Aje Alhamisi, ambayo ndiyo siku ya madai.